Kiboko Achukua Fomu

"Nikiita, mpo?"

"Tupo!"

"Masikio?"

"Yako wazi!"

"Midomo?"

"Tumeifunga!"

"Mwongo ni nani?"

"Ni wewe, Bibi!"

"Na mjinga?"

"Ni atakayekubishia!"

Haya, vizuri. Kaeni basi. Shomvi, ondoa mguu wako kwenye ungo wangu, mchele huu ni wa kula na bado sijamaliza kuuchambua. Mikono yangu ina kazi lakini mdomo hauna, kwa hiyo nisikilizeni. Na asiniulize mtu hadithi hii nimeitoa wapi. Nimepiga chapa nyaraka za serikali miaka ishirini na tisa, nimesoma mengi kuliko waliyotaka niyasome.

Hapo kale palikuwa na bwawa. Bwawa moja tu, mbuga nzima. Liliitwa Bwawa la Wote, kwa sababu lilikuwa la wote. Ng'ambo ya bwawa ni vumbi, huku ni vumbi, na mwaka ule mvua iligoma kabisa. Wanyama wakakubaliana wanywe kwa zamu, wakalizungushia bwawa uzio wa miiba, wakaweka lango moja, wakaajiri watumishi.

Kobe aliajiriwa mlinzi wa lango. Korongo aliajiriwa msafishaji, anaokota magugu majini kwa ule mdomo wake mrefu, chwa, chwa, chwa. Na Pimbi aliajiriwa mpiga baragumu. Pimbi mnamjua? Kale kanyama ka kwenye mawe, kanene kanene, mkia hakana. Kila asubuhi anapanda juu ya jiwe, anapuliza. Puu! Puuuu! "Zamu ya swala!" Swala wanakuja, wanakunywa, wanaondoka. Puu! Puuuu! "Zamu ya nyumbu!" Nyumbu wanakuja, wanasukumana, wanakunywa, wanaondoka. Kazi ndiyo hiyo. Na kazi ilikuja na nyumba: pango chini ya jiwe, mchana baridi, usiku joto. Humo Pimbi aliishi na mkewe na watoto wao watano, na hawakuwa na kwingine pa kwenda.

Mkubwa wao wote alikuwa Kiboko. Yeye cheo chake Mkuu wa Bwawa, na nyumba yake ni kile kina cha katikati, maji mengi, tope laini. Anakaa humo kutwa, pua nje, tumbo ndani, anapumua fuuu, fuuu. Zamu hana. Baragumu halimhusu.

Ungedhani anatosheka, eti? Thubutu! Kiboko alikuwa na bwawa, akaitaka na mbuga.

Mwaka ule kiti cha Mwenyekiti wa Mbuga kilikuwa wazi. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa Tembo, na neno lake ndilo la mwisho, maana hakuna wa kumsukuma. Anayetaka kugombea anakwenda kwa Tembo kuchukua fomu. Fomu zetu sisi ni karatasi, zao zilikuwa makuti mabichi ya mkindu. Unachukua kuti mbele ya watu, unasema, "Mimi ni mgombea," basi umekuwa mgombea. Na kuti lako unatembea nalo mpaka siku ya kura.

Wa kwanza kuchukua alikuwa Mama Twiga. Alikwenda kimya kimya, akachukua kuti lake, akasema maneno yake, akarudi kula mgunga. Lakini mbuga nzima ikaanza kumsema vizuri.

Kiboko alipopata habari, hakulala. Akawaza, "Huyu Twiga dawa yake ni kiu." Asubuhi akatoka majini, akamwita Korongo. "Njoo na mdomo wako. Andika."

Pembeni ya lango palikuwa na ukuta wa udongo mbichi. Kiboko akataja, Korongo akachora kwa mdomo, chwa, chwa, chwa:

"Waraka kwa watumishi wote wa Bwawa. Moja, mtumishi asimsaidie mgombea yeyote, kwa neno wala kwa tendo. Mbili, mgombea yeyote asinywe, asioge, wala asikanyage maji ya bwawa hili mpaka kura zipigwe, kwa kuwa bwawa ni mali ya umma. Tatu, mtumishi atakayevunja waraka huu, kazi hana na nyumba hana."

Kiboko akausoma mara mbili, akatabasamu. Akainua mguu, akaugonga ukutani. Di! Muhuri huo. Jua likaukausha udongo, waraka ukawa mgumu kama kigae.

Korongo wa watu, kwa huruma yake tu, akasema, "Maskini Twiga. Na ile shingo ingetufaa, angeiona mvua ikiwa bado mbali."

"Umesemaje?" akauliza Kiboko.

"Nimesema shingo, Mkuu."

"Umemsifu mgombea! Kwa neno! Kazi huna!"

"Mkuu, waraka wenyewe nimeuandika sasa hivi!"

"Na nyumba huna!"

Korongo akafukuzwa papo hapo, hata kiota hakupewa muda wa kukibomoa. Kobe aliona. Pimbi aliona. Wakatazama chini wote wawili.

Jioni ile Kiboko akamwita Pimbi. "Pimbi, una sauti nzuri."

"Ahsante, Mkuu."

"Kuanzia kesho, kila ukipuliza baragumu, uongeze maneno. Useme, 'Zamu ya swala, na kura ni kwa Kiboko!' Useme, 'Zamu ya nyumbu, na kura ni kwa Kiboko!' Umesikia?"

Pimbi akajibu, "Nimesikia, Mkuu. Ila ule waraka..."

"Waraka ni wa watumishi, mimi ni Mkuu. Waraka ni wa akina Twiga, mimi ni Kiboko. Usipotangaza, kesho kutwa pango nalitaka wazi."

Akazama zake. Bubu-bubu-bubu.

Pimbi akaenda nyumbani, chakula kikamshinda. Mkewe akamuuliza, akaambiwa. Yule mama akashika kichwa. "Baba watoto, ukitangaza, Tembo atakufukuza kwa waraka. Usipotangaza, Kiboko atakufukuza bila waraka. Hawa watoto tutawalaza wapi?"

"Sijui," alisema Pimbi. Na kweli hakujua. Aliwatazama wale watoto watano wamelaliana, akaona woga, woga wa kweli wa mzazi. Mimi nasema hivi: hamjui ujanja unatoka wapi mpaka muwaone watoto wenu wamelala na nyumba si yenu.

Asubuhi, kabla ya zamu ya kwanza, Pimbi akashuka mpaka ukingoni. "Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Uko tayari?"

"Tayari kabisa, Mkuu. Ila nimeona jambo, nikasema nisikufiche. Nikisema kura kwa Kiboko, watu watauliza, Kiboko kachukua fomu lini?"

Kiboko akainua kichwa. Fuuu.

"Twiga kachukua," akaendelea Pimbi kwa upole. "Tena kachukua kinyonge, peke yake, hata kigelegele hakikusikika. Wewe mtu mkubwa. Wewe si wa kuchukua fomu hivyo. Wewe unatakiwa uchukue mchana, watu wamejaa, Tembo amesimama, na wewe unasema kwa sauti mbuga nzima isikie, 'Mimi ni mgombea!' Nani atamkumbuka Twiga tena?"

Kiboko akaona picha yote. Akajiona yeye na kuti lake. Akaona watu. "Na wewe utawaita kwa baragumu?"

"Nitawaita. Leo hii bado wewe si mgombea, nikiwaita ni tangazo tu. Hakuna wa kunigusa."

"Pimbi, kumbe una akili!"

"Ndogo tu, Mkuu."

Puu! Puuuu! "Wote mje kwa Tembo! Kuna anayechukua fomu!" Wakaja. Swala wakaja, nyumbu wakaja, nguruwe wakaja, hata ndege walikuja. Kiboko akapita katikati yao, tope bado linamdondoka, tumbo mbele. Tembo akampa kuti.

"Unasemaje?" akauliza Tembo.

"Mimi ni mgombea!"

"Hatujasikia huku nyuma!" ikasema sauti nyembamba. Ilikuwa ya Pimbi.

"MIMI NI MGOMBEA!"

Vigelegele, makofi, vumbi. Kiboko akamgeukia Pimbi. "Haya sasa! Piga! Sema kura kwa Kiboko!"

Pimbi akaweka baragumu chini, akaliweka taratibu kabisa. "Siwezi, Mkuu."

"Nini?"

"Mimi mtumishi, wewe mgombea. Waraka unasema nisikusaidie kwa neno wala kwa tendo. Na muhuri ni wa mguu wako."

"Mimi ni mkuu wako! Nakuamuru piga!"

Tembo akatikisa masikio, pwa, pwa. Alikuwa anatazama. Kiboko akaona hapa si mahali pake, afadhali akajipoze majini. Jua lilikuwa limeshaanza kumla mgongo.

Akafika langoni. Kobe yupo, kakaa katikati ya lango, kichwa nje.

"Fungua."

"Wewe nani?" akauliza Kobe.

"Umekuwa kipofu? Mimi Kiboko!"

"Kiboko mkuu, au Kiboko mgombea?"

"Kuna tofauti gani?"

"Mkuu anapita. Mgombea hapiti, bwawa ni mali ya umma. Naona mkononi una kuti."

Kobe yule hakuwa mjanja, jamani, msimsingizie. Yeye alikuwa mtu wa kufuata alivyoandikiwa, basi. Ukimwandikia kata mti, atakata. Ukimwandikia usikate, hata nyumba ikiangukiwa na mti hakati. Ofisini kwetu tulikuwa naye wa namna hiyo, tukimchukia mwaka mzima, mpaka siku tulipomhitaji.

Kiboko akafikiri kulivunja lango. Angeweza, kwa kifua chake kile. Lakini akageuka nyuma akaona mbuga nzima imesimama inamwangalia, na kila mmoja ana kura yake. Mgombea anayevunja lango la umma nani atamchagua? Akapiga moyo konde. "Kura zimebaki siku tisa tu. Nitavumilia."

Siku ya kwanza, jua. Kiboko akakaa kwenye kivuli cha mgunga, kivuli chenyewe kimechanika chanika. Ngozi ikaanza kukauka. Akaenda langoni. "Kobe, fungua." "Wewe nani?" "Kiboko." "Mkuu au mgombea?" Akatazama kuti lake. "Mgombea." "Basi pumzika, Mzee."

Siku ya pili, jua. Ngozi ikaanza kupasuka. Kwa! Kwa! Akaenda langoni. "Kobe, fungua." "Wewe nani?" "Kiboko." "Mkuu au mgombea?" "Mgombea." "Basi pumzika, Mzee."

Na Twiga je? Twiga yuko zake juu ya miti anakula majani. Wakamfuata wakamuuliza, "Mama, kiu hukuumi?" Akasema, "Mimi maji sinywi kila siku. Majani yananitosha." Hilo Kiboko hakulijua. Kutwa anaishi kwenye maji, angejuaje wenzake wanaishije?

Tena kibaya zaidi, juu ya kichwa chake alikuwa anapita Korongo. Korongo kafukuzwa kazi, siyo? Basi si mtumishi tena. Waraka haumhusu. Anaruka huku, anaruka kule, anapiga kelele mchana kutwa, "Kura kwa Twiga! Kura kwa Twiga!" Na hakuna wa kumwambia kitu. Alikuwa hajawahi kufurahi namna ile tangu aajiriwe.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Kiboko akashindwa. Ngozi inawaka, macho mekundu. Akatazama kuti mkononi. Akatazama maji kule ndani, yanameremeta. Akatazama tena kuti. Akalitia mdomoni. Kwachu, kwachu, kwachu. Akameza.

Akaenda langoni. "Kobe, fungua!"

"Wewe nani?"

"Kiboko!"

"Mkuu au mgombea?"

"Mkuu!"

"Na fomu?"

"Fomu gani?" akasema Kiboko, na kipande cha kuti kimenasa kwenye jino.

Kobe akachanganyikiwa. Hilo halikuandikwa kwenye waraka. Akasema, "Ngoja aitwe Tembo." Puu! Puuuu! Pimbi akapuliza, Tembo akaja, na mbuga nzima nyuma yake.

"Tembo," akasema Kiboko, "mimi ni Mkuu wa Bwawa. Mambo ya kugombea siyajui."

"Uliniambia ni mgombea," akasema Tembo.

"Ulikuwa utani. Mimi Mkuu! Nimekuwa Mkuu siku zote, sikuacha kuwa Mkuu hata dakika moja!"

Pimbi akakohoa. "Samahani, wazee wangu. Mimi mdogo, nina swali dogo tu."

"Uliza," akasema Tembo.

"Mkuu, juzi pale ulipochukua fomu, uliniamuru nipige baragumu. Ulipokuwa unaniamuru ulikuwa Mkuu?"

"Nilikuwa Mkuu!"

"Hukuwa mgombea?"

"Mgombea atakuamuruje wewe? Nilikuwa Mkuu!"

"Ahsante. Na ulitaka nimpigie debe nani?"

"Mi..." Kiboko akafunga mdomo. Lakini wapi, neno lilikuwa limeshatoka nusu, na mbuga nzima ikalimalizia kwa kicheko.

Tembo akausogelea ukuta, akausoma waraka polepole, anafuata kila mstari kwa mkonga. "Mtumishi asimsaidie mgombea yeyote, kwa neno wala kwa tendo. Hapa mtumishi Kiboko amemsaidia mgombea Kiboko. Kwa neno." Akapima ule muhuri wa mguu. "Mguu ni wako?"

Kiboko akautazama mguu wake kama hajawahi kuuona. "Wangu."

"Basi kazi huna na nyumba huna."

Jamani, nisiwafiche, kidogo nilimwonea huruma. Alilia yule mtu mkubwa, machozi yanaingia kwenye nyufa za ngozi. Wakamruhusu kuoga, siyo kwamba walikuwa wakatili. Lakini kwa zamu. Akasimama nyuma ya nguruwe, akangoja baragumu. Puu! Puuuu! "Zamu ya viboko!" Akaingia pale pembeni penye maji ya magotini. Chubwi! Baada ya muda, puu, puuuu, "Zamu imekwisha!" Akatoka.

Siku ya kura ilipofika hakukuwa na wa kushindana na Mama Twiga. Akapita bila kupingwa. Korongo akaitwa arudi kazini, akakataa, akasema ameshazoea kusema anachotaka. Na nafasi ya Mkuu wa Bwawa, ile iliyokuwa wazi, Mama Twiga akaangalia huku na huku kwa shingo yake yote, akauliza, "Nani katika watumishi hawa hana doa la siasa hata moja?" Wakatafuta, wakatafuta. Wakamkuta Pimbi.

Pango likawa lake moja kwa moja, yeye na mkewe na watoto watano, na hakuna wa kumwambia toka. Mkewe siku ile alilala mchana kutwa, usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Hadithi nimeitua hapo, anayeitaka aibebe, asiyeitaka aniachie hapa hapa kwenye ungo.

Mwajabu anainua mkono. Sema, mjukuu wangu. Unataka funzo? Funzo lipo. Mtumishi wa umma asijiingize kwenye siasa. Afanye kazi yake, awaheshimu wakubwa wake, afuate waraka, na siasa awaachie wanasiasa. Kama Pimbi.

Nini? Eti Pimbi ndiye aliyemwangusha? Toto hili! Pimbi alimsifu nani? Alimtukana nani? Alimpigia Twiga debe hata mara moja? Rudini nyuma mhesabu. Yule alipuliza baragumu, akauliza maswali matatu, akarudi kwake.

Kwa hiyo na nyinyi mkikua mkaajiriwa, mkasikia mkubwa wenu ana hamu ya kugombea, msimpinge, ni utovu wa adabu. Mpigieni makofi. Mpigieni makofi kwa nguvu zenu zote, mpaka aichukue hiyo fomu.